Cheptiret: Ghala la mahindi lililogeuka studio

UKITOKA Nakuru ukielekea Eldoret, msomaji mpenzi, utaikwea Timboroa ambako baridi haijui koti wala kabuti, utateremka hadi Burnt Forest, kisha nchi itakunjuka mbele yako kama mkeka: mahindi upande huu, ngano upande ule, na ng'ombe wa maziwa wamesimama malishoni bila haraka yoyote. Hapo usisinzie. Zikiwa zimesalia kilomita 20 na ushei kabla ya kuingia Eldoret, matatu itapunguza mwendo, makanga atagonga bati mara mbili, nawe utakuwa umefika Cheptiret.

Wasafiri wengi hawapajui mahali hapa ila kwa dirisha la gari. Wanafunzi ndio wanaopajua zaidi, kwa kuwa hapa ndipo barabara ya Kesses inapochepuka kwenda bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, chuo kilichoanzishwa 1984. Penye njia panda utaona maduka, vibanda vya nyama na chai, na vijana wa bodaboda waliopanga pikipiki zao mstari mmoja kama askari gwarideni. Eldoret yenyewe, ambayo wazee wa huku wangali wanaiita Sisibo kwa kumbukumbu ya lile shamba nambari 64 la enzi za walowezi, ilitawazwa kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Cheptiret haijatawazwa lolote, na haielekei kujali.

Lakini mimi sikwenda huko kutazama. Nilikwenda kusikiliza, na nakushauri nawe ukifika ufumbe macho kidogo usikilize. Utasikia malori ya mizigo yanayokwenda Malaba na Uganda yakinguruma mchana na usiku, yakibadilisha gia. Utasikia jogoo asiyejua saa. Ukienda msimu wa mavuno, kuanzia Oktoba hadi Desemba, utasikia mashine ya kupukuchua mahindi ikivutwa na trekta kutoka boma moja hadi jingine, nayo ikianza kazi hata mtu aliye kando yako humsikii mpaka akupigie kelele sikioni. Na ukienda msimu wa mvua, ambao huku ni mrefu, utakutana na mvua ya alasiri juu ya mabati. Mvua hiyo ikishuka, mwalimu darasani huketi tu akangojea.

Sasa niambie, ni nani mwenye akili timamu atakayechagua mahali kama hapa kurekodia nyimbo? Wapo, nami nimekaa nao siku tatu.

MAGUNIA YA MAHINDI

Boma lenyewe liko mwendo wa dakika 15 kwa miguu kutoka barabarani. Nyumba ya mabati, zizi, mti wa mparachichi, na nyuma yake ghala la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo ili panya na unyevu visipate njia. Nilikaribishwa kwa mursik kutoka kwenye sotet, ile kibuyu yenye harufu ya mkaa, na sikuruhusiwa kuuliza swali lolote kabla kikombe hakijaisha. Ndivyo ilivyo huku, na mgeni mwenye haraka huonekana hakufunzwa kwao.

Baada ya hapo mwalimu wa kwaya akanifungulia ghala. Huyu ni kijana aliyesomea ualimu, akahitimu, na kama wenzake wengi bado anangojea kuajiriwa. Kwa sasa mchana huendesha bodaboda na jioni hufundisha kwaya ya kanisa. Ndani ya ghala magunia ya kilo 90 yalikuwa yamepangwa pande tatu hadi kimo cha kichwa cha mtu, na katikati pameachwa uwazi wa kuwatosha watu kumi na watano waliosongamana. Juu, chini ya mabati, walikuwa wamefunga kamba wakatundika mablanketi mazito. Mlangoni paliegemezwa godoro.

"Ongea, mwandishi," akaniambia.

Nikasema habari za jioni. Wallahi sauti yangu ilitoka kinywani na kutua hapo hapo, haikurudi. Ilikuwa kama kuongea ndani ya shuka.

Hapo, msomaji, ndipo ilipo siri kubwa ya kurekodi nyumbani, nayo haiuzwi dukani. Ukuta mtupu wa saruji hurudisha sauti kama ukuta wa kuchezea mpira. Sauti ikikufikia mara ya kwanza kutoka kinywani na mara ya pili kutoka ukutani, chombo cha kurekodi huzichanganya zote mbili na kukupa ule mwangwi wa chooni ambao hakuna fundi anayeweza kuuondoa baadaye. Kitu kizito na laini huimeza sauti. Godoro huimeza, nguo kabatini huimeza, na gunia la mahindi, kwa uzito wake, humeza hata ile mingurumo minene ya chini ambayo blanketi peke yake halina nguvu nayo. Studio za mjini hununua sponji maalumu kwa kazi hii. Cheptiret hupewa na shamba, japo kwa miezi michache tu, na hilo nitalirudia.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia ghala lako. Kama mahindi yametiwa dawa ya wadudu siku za karibuni, usimwingize mtu humo akaimbe kwa pumzi ndefu. Hapa walikuwa wamehifadhi hayo yaliyotiwa dawa kwenye ghala jingine, na hata hivyo mlango uliachwa wazi kutwa nzima ili vumbi litoke. Asiye na ghala na atumie chumba cha kulala, aimbe akilikabili kabati la nguo lililo wazi. Si utani, hufaa.

PESA ZA MAZIWA

Utauliza kwa nini watu wazima wahangaike namna hii ilhali Eldoret zimejaa studio. Kwaya hii imeshawahi kwenda. Ni wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne, wote wakulima. Mwaka juzi walichanga kidogo kidogo kutoka kwa pesa za maziwa kwa muda wa karibu mwaka mzima, wakakodi matatu, wakaingia studio moja mjini ambayo sina haja ya kuitaja. Walikuwa wamelipia nyimbo tatu. Saa mbili za kwanza ziliishia katika ubishi: wimbo uanzie kii gani? Sauti ya pili ikalalamika kuwa uko juu mno, besi wakasema uko chini mno. Fundi wa mitambo, ambaye saa zilikuwa zikimlipa yeye, akangoja kwa subira ya ajabu. Walipomaliza walikuwa na wimbo mmoja na nusu, na juu yake fundi alikuwa ameweka vinanda na ngoma za mashine zisizokuwa zao.

"Mume wangu aliposikiliza," mama mmoja wa sauti ya kwanza akanisimulia, "aliniuliza, nyinyi mko wapi humu ndani?"

Mimi binafsi nimesikiliza kanda nyingi za kwaya, za zamani na za sasa, na naona ugonjwa huo umeenea. Kwaya huimba vizuri chini ya mti, halafu ikiingia studio hufunikwa kwa kinanda mpaka usijue kama ni ya Cheptiret au ya Chuka. Simlaumu fundi peke yake. Mtu asiyekuja na mfano wa kile anachokitaka atapewa kile kilichopo.

Mfano huo ndio unaoitwa demo. Si wimbo wa kuuza. Ni rasimu ya sauti, kama vile fundi cherehani anavyokata kwanza karatasi kabla hajatia mkasi kwenye kitambaa cha bei. Demo hukuambia kii, mwendo, nani aanze, ubeti gani ni mrefu kupita kiasi. Ukiingia studio nayo, ubishi umekwisha tangu nyumbani, ambako ubishi haulipiwi kwa saa.

SIMU JUU YA KIGODA

Vyombo vyao nimeviona vyote na vingetosha kwenye mfuko mmoja wa sokoni. Simu mbili za mkono za kawaida. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ambayo ya aina yake utaipata kwa chini ya shilingi 1,000 usipokuwa mchaguzi. Iafoni. Kinanda kidogo cha kanisa, cha kutoa sauti ya kuanzia tu. Na tarakilishi kuukuu ya mwalimu yenye Audacity, programu isiyolipiwa hata senti, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka wa 2000 baada ya kubuniwa na watu wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Asiye na tarakilishi zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo, BandLab ikiwa mojawapo.

Hebu nikueleze wanavyofanya, maana nilisimama pembeni nikaandika.

Simu huwekwa juu ya kigoda, na chini yake sweta lililokunjwa, ili mtu akikanyaga ubao mtikiso usipande hadi ndani ya simu. Haishikwi mkononi kamwe. Huzimiwa mawimbi kama ya msafiri wa ndege, kwani hakuna uchungu kama wimbo uliokwenda vizuri hadi ubeti wa mwisho ukakatwa na shemeji anayeomba salamu. Na huchomolewa kwenye chaji. Stima yetu ina mvumo wake wa hezi 50, na waya wa chaji huuleta mvumo huo hadi ndani ya wimbo.

Kwaya husimama nusu duara, hatua tatu hivi kutoka kigodani. Wenye sauti za kengele husogezwa nyuma, wapole huletwa mbele. Hakuna mtambo unaoweza kusawazisha sauti kama miguu ya waimbaji wenyewe. Mama mmoja alirudishwa nyuma mara tatu hadi mgongo wake ukagusa gunia, na wote wakacheka, yeye kwanza. Anayeimba peke yake hukaa karibu, umbali wa shibiri moja na zaidi kidogo, na huelekeza kinywa pembeni kidogo ya maikrofoni badala ya kuipulizia, ama sivyo kila herufi ya "p" hulipuka kama tairi.

Kisha huimbwa sehemu yenye kelele zaidi, kwa majaribio, kwa nukta kumi tu. Mwalimu husikiliza. Sauti ikiwa inakwaruza mahali pa juu, simu husogezwa nyuma. Sauti ndogo iliyo safi waweza kuikuza baadaye, lakini iliyokwisha kupasuka haina dawa. Hili amewafunza hadi wanaliimba.

Kabla ya kila wimbo mtu hutamka jina la wimbo, jina la mtunzi, tarehe na kii. Nilidhani ni mbwembwe za kiofisi, kumbe lina kazi yake, nami nitaieleza punde si punde.

Halafu wimbo hurekodiwa mara tatu, kila mara kwa kii tofauti: wa kwanza pale mtunzi anapopenda, wa pili chini kidogo, wa tatu chini zaidi. Hakuna kuamua usiku huo. Kesho yake, watu wakiwa wamelala na hasira zimetulia, husikiliza zote tatu na kupiga kura. Kwa hakika hili ndilo jambo lililonivutia kupita yote, na ningependa kila kwaya inayosoma haya iliige.

Anayetaka kuongeza gitaa au sauti ya pili juu ya ile ya kwanza huvaa iafoni akasikiliza simu moja huku akirekodi kwa nyingine, kisha sauti zote mbili hulazwa pamoja kwenye tarakilishi. Usiwahi kusikiliza kwa spika ya nje wakati huo, la sivyo sauti ya kwanza itaingia mara mbili. Gitaa nalo linataka kukaa ghalani nusu saa kabla ya kuanza. Usiku wa nyanda hizi ni baridi, nyuzi hubadilika zikitolewa jikoni, na utajikuta ukikaza vigingi kati ya kila ubeti.

Kuhusu faili zenyewe, faili nzima isiyobanwa ya kiwango cha CD hula kama megabaiti 10 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika nne ni 40 hivi. Ile iliyobanwa ya MP3 yaweza kuwa sehemu ya kumi tu ya hiyo. Weka ile nzima, tuma iliyobanwa. Na ukiituma nzima kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo huenda ikabanwa njiani. Wao huweka nakala tatu: tarakilishini, kwenye memori kadi inayotunzwa na mweka hazina pamoja na kitabu cha michango, na kwa binti wa mmoja wao anayefanya kazi Nairobi.

KOGO

Sasa nikufikishe kwa mwenye nyimbo. Katika boma hilo kuna ajuza aliyepita miaka 75, ambaye wote, hata wasio wajukuu zake, humwita Kogo, yaani bibi. Nyimbo nyingi za kwaya hii ni zake. Hasomi noti wala ile do-re-mi ya vitabu vya kwaya. Hutunga akikamua ng'ombe, na wimbo ukikamilika humwimbia jirani, na jirani akiukosea humrudisha hadi aupate. Hivyo ndivyo zilivyohifadhiwa kwa miaka yote hiyo, kwa ukali tu.

Ana za kanisani, na ana nyingine zisizo za kanisani: ya kubembeleza mtoto, ya harusi, moja ya kutaja majina ya ng'ombe aliowahi kuwakamua tangu alipoolewa, na moja ya kuchekesha kuhusu foleni ya kungojea lori la maziwa alfajiri. Mwalimu alizihesabu akapata kumi na moja ambazo hakuna mtu mwingine anayezijua zote hadi mwisho. Majirani wawili waliokuwa wakizijua wamekwisha kuzikwa. Na tangu mwaka jana Kogo mwenyewe amekuwa akikatika pumzi katikati ya beti ndefu.

Nilikuwapo walipomrekodi. Ilikuwa saa tatu usiku, mashine ya kupukuchua imenyamaza, ng'ombe wametulia. Walimketisha kwenye kiti cha mkono, blanketi magotini, maikrofoni ikabanwa kwenye shali. Mwalimu akaongea naye kwa adabu zote, akimwomba aimbe ule wa ng'ombe.

"Niimbe mara ngapi?" Kogo akauliza.

"Mara moja tu, Kogo. Ukichoka tutaacha."

"Mwaka juzi mlisema hivyo hivyo huko mjini, mkaniimbisha mpaka usiku."

Aliimba. Lori likapita barabarani, nikalisikia kwa mbali kama radi ya wilaya nyingine, na kwenye rekodi halikusikika kabisa. Alipofika jina la ng'ombe mmoja alisita, akanyamaza, sote tukadhani amesahau. Kumbe alikuwa akimkumbuka. Akaendelea. Mwalimu alitaka baadaye kuikata ile kimya, na wanawake wakamkataza. Waliona sawa, na mimi pia naona hivyo.

NYIMBO HUSAFIRI

Watu wa nyanda hizi wana sababu ya kuijua thamani ya rekodi iliyofanywa kijijini. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na gari lake la mitambo, alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Wimbo huo uliandamana na kinubi cha nyuzi sita, jamaa ya nyatiti unayoijua. Na hilo jina Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Wasichana wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Rekodi hiyo ikazunguka dunia na kupendwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani. Ilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha 1954, na haikurudishwa kijijini ilikotoka hadi 2014, wakati watu wa maktaba hiyo pamoja na wenzao wa Ketebul Music ya Nairobi walipopeleka nakala. Hesabu miaka hiyo, msomaji: 64.

Tracey alihitaji gari zima, jenereta na mafundi. Leo kazi hiyo imo mfukoni mwa kijana wa bodaboda.

Na usidhani demo ya nyumbani ni kitu cha maskini peke yao. Januari 1982 Bruce Springsteen, ambaye kwa wakati huo angeweza kukodi studio yoyote aitakayo, aliketi katika nyumba aliyopanga huko Colts Neck, New Jersey, akarekodi nyimbo zake kwa mtambo mdogo wa kaseti wa njia nne. Zilikuwa demo za kuwaonyesha wenzake wa bendi. Bendi ilipojaribu kuzipiga studio, uhai wake ukapotea. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa mwaka huo huo kuwa albamu, Nebraska.

MTUNZI NI NANI?

Sasa lile la kutamka jina na tarehe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya muziki pale tu inapokuwa imeandikwa, imerekodiwa, au imetiwa katika umbo fulani la kushikika. Wimbo ulio kichwani mwa Kogo, mzuri kiasi gani, kisheria ni kama upepo. Ukirekodiwa, hata kwa simu juu ya kigoda, umepata mwili, na haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada yake. Kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima ili haki iwepo, lakini huleta cheti, na cheti huzungumza vizuri mbele ya hakimu. Demo yenye jina na tarehe ni mwanzo wa ushahidi huo.

Sote tunaijua Malaika. Fadhili William aliirekodi katika miaka ya 1960, Miriam Makeba akaipeleka duniani, Boney M nao wakaiimba. Hadi leo bado watu wanabishana iwapo mtunzi alikuwa Fadhili au Adam Salim, na wote wawili hawapo kutuambia. Ubishi kama huo hauhitaji wimbo mkubwa. Cheptiret wameshauona mdogo wake: wimbo mmoja wa Kogo ulisikika kwenye harusi upande wa Turbo, ukiimbwa na kwaya nyingine iliyodai ni wao walioutunga. Hakukuwa na ugomvi, kwani wote ni watu wa kanisa. Lakini walipoulizwa ushahidi, upande wa Kogo ulikuwa na Kogo tu.

Nilimuuliza mwenyewe anaonaje. Akasema wimbo ukiimbwa harusini umefanya kazi yake, ila waliuruka ubeti wa tatu, na ubeti wa tatu ndio wenye maana.

SIKU ZILIZOBAKI

Nilipoondoka, nyimbo nne kati ya zile kumi na moja zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Mpango wao ni kumaliza za Kogo kwanza, mbili kwa wiki asichoke, kisha kwaya yote irekodi demo za nyimbo tatu na kuzipeleka studio, safari hii wakiwa wameshapiga kura ya kii. Mweka hazina alinionyesha kitabu: pesa zinatosha saa nne za studio, si zaidi.

Shida ni ghala. Shule zinafunguliwa Januari, karo inangoja, na mahindi ndiyo karo. Mwenye boma ameshakubaliana na mnunuzi, na lori la kwanza litachukua magunia 40 kutoka ukuta wa mashariki. Walijaribu kumwomba aanze kuuza yaliyo katika ghala lile jingine, lakini yale yana dawa na mnunuzi anataka yasiyo na dawa. Wamekubaliana kwamba yale ya ukuta wa nyuma, anapoketi Kogo, yatakuwa ya mwisho kupakiwa. Mwalimu amekwisha kuanza kuulizia magodoro kwa wanafunzi wa Kesses wanaofunga chuo.

Ukitaka kufika, panda matatu yoyote ya Eldoret kwenda Burnt Forest au Nakuru, au za Kesses, na mwambie makanga Cheptiret kabla hujakaa, kwa sababu zinazokwenda mbali hazipendi kusimama. Beba sweta.